Barua ya wazi kwa viongozi wa Kilimanjaro na Arusha: sauti za wazee wetu zisiishie kwenye flashi

Moshi

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Kilimanjaro na Arusha, Wakurugenzi Watendaji wa halmashauri za mikoa hii, Waheshimiwa Madiwani, na Maafisa Utamaduni wa wilaya.

Waheshimiwa,

Mwaka 1976 alifariki mzungumzaji wa mwisho anayejulikana wa Kiaasaksi, lugha ya Kikushi iliyosemwa na wawindaji wa nyika ya Wamasai, kusini mwa hapa. Upande wa Rombo, Kingasa, ndugu wa karibu wa Kimaasai, kilimezwa na Kichaga cha Rombo hadi wenyewe wakaiacha lugha yao. Lugha hizi hazikupigwa marufuku na mtu yeyote. Mama alianza kumjibu mtoto kwa lugha ya jirani, nyumba ya pili ikafuata, na miaka arobaini baadaye waliobaki wakiielewa ni wazee wawili watatu wasio na wa kuongea naye.

Leo njia hiyohiyo inapitiwa na Kigweno kule Mwanga, ambako wazee bado wanakiongea na vijana wamehamia Chasu (Kipare) na Kiswahili. Inapitiwa na Kikahe, chini ya Mji wa Moshi kuelekea tambarare. Kihadzabe cha bonde la Eyasi kina wasemaji wapatao elfu moja tu na hakina ndugu yeyote anayejulikana duniani, ingawa watoto wake bado wanakisema. Kitemi cha Samunge, Sale na Digodigo ni kisiwa cha Kibantu katikati ya Wamasai.

Tunaandika kama watu wa kazi hii: kurekodi, kunukuu (kuandika neno kwa neno yaliyorekodiwa), kupanga maneno ya kamusi. Ombi letu ni moja, na mengine yote humu ni maelezo yake. Kila halmashauri yenye lugha inayofifia iichukue kazi ya kuihifadhi kama huduma yake ya kawaida, yenye ofisa anayewajibika, chumba, vifaa, na kifungu cha bajeti kwa miaka mitatu mfululizo. Hadi sasa kazi hii imeachiwa watafiti wapitao, makanisa, na vijana wenye moyo na simu. Wanarekodi, tena wanarekodi vizuri wakati mwingine, lakini rekodi haziandikwi, hazirudi kijijini, na hazipati wa kuzitunza.

Tuondoe hofu moja mapema. Kiswahili hakipunguziwi chochote. Mwaka 2021 UNESCO ilikipa siku yake, tarehe 7 Julai ya kila mwaka, na kimesimama imara kuliko wakati wowote. Kiswahili chenyewe kimekuwa kikichota kwenye lugha hizi: neno "ng'atuka" analolijua kila Mtanzania limetoka Kizanaki. Na sera tunayo tayari. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inahimiza lugha za jamii zifanyiwe utafiti na kuhifadhiwa, na ziandikiwe kamusi na vitabu vya sarufi. Kinachokosekana ni mtu ambaye kazi hiyo imeandikwa kwenye majukumu yake ya wiki.

Tuanze na hesabu. Sensa zetu haziulizi kabila tangu ile ya mwaka 1967, na sababu zake za umoja wa taifa tunaziheshimu. Matokeo yake ni kwamba idadi za wasemaji zinazotajwa ni makisio. Kuna swali lisilogusa kabila kabisa: "Jana, mtoto mdogo kuliko wote hapa nyumbani aliongeleshwa kwa lugha gani, na nani?" Mtendaji wa kijiji akilipeleka swali hilo kwenye kaya 30, akaandika pia umri wa anayeongea na anayejibu, ofisi itapata picha inayotosha kuanzia. Mizani ya UNESCO ya mwaka 2003 inakwenda daraja 5 hadi 0: lugha inayosemwa na wazazi lakini si watoto iko daraja la 3, ikibaki kwa mababu na mabibi imeshuka hadi la 2. Ulizeni "jana", kwa sababu ukiuliza "huwa mnaongea lugha gani?" watu hujibu wanavyotamani, na kila nyumba itaonekana salama.

Sasa kurekodi. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, na karibu yote yanaepukika.

Kosa la kwanza ni kurekodi kwa sauti za WhatsApp. Programu hiyo hubana sauti na kutupa sehemu ambazo sikio la kawaida halitambui zikikosekana ila mchambuzi wa lugha anazihitaji: pumzi baada ya konsonanti, tofauti ya "s" na "sh" kwa mzee mwenye meno machache, mwisho wa neno unaofifia. Kinasa sauti kiwekwe kwenye muundo wa WAV, kilohezi 48, biti 24. Saa moja kwa maiki moja ni takriban megabaiti 520, kwa hiyo saa 100 ni gigabaiti 52 tu, na zinaingia kwenye memori kadi moja ya kawaida. Maiki iwe ya kubana kwenye kola au ya kuvaa kichwani, isogee karibu na mdomo. Vilele vya sauti viishie karibu na desibeli 12 chini ya kikomo. Sauti iliyogonga kikomo hupasuka na hairekebishiki. Anayerekodi avae hedifoni muda wote. Bila hedifoni hatasikia waya unaokwaruza kwenye kanga ya bibi, na atagundua akiwa ameshafika mjini.

Kosa la pili ni mahali. Ukumbi wa kata wenye bati na sakafu ya saruji unarudisha mwangwi, na mvua ikianza kazi imekwisha. Chini ya mgomba au ndani ya nyumba yenye mapazia na magodoro ni bora zaidi. Panga kazi kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimepungua. Hapa tunawaomba wakurugenzi jambo mahususi: mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na fedha za shughuli kama hizi mara nyingi hutoka mwishoni, mvua zikiwa zimerudi. Zitolewe robo ya kwanza au kazi ya mwaka mzima imepotea.

Kosa la tatu ni maswali. Ukimuuliza mzee kwa Kiswahili, "Mnasemaje 'ninakwenda sokoni'?", atakupa sentensi ya Kiswahili iliyovaa maneno ya kwao. Orodha za maneno zinafaa kwa siku ya kwanza. Ipo orodha ya SIL, shirika la kimataifa la utafiti wa lugha, ya maneno 1,700 iliyotungwa kwa ajili ya Afrika, nayo ni msingi mzuri. Lakini lugha haikai kwenye orodha. Kihadzabe kinatuonyesha hivyo: pundamilia aliye hai ni "dongoko", na akishauawa windoni hutangazwa kwa neno jingine kabisa, na ndivyo ilivyo kwa wanyama wengine wakubwa. Anayeuliza "pundamilia mnamwitaje?" atapata jibu moja, ataandika, na nusu ya habari itabaki porini.

Kwa hiyo rekodini kazi ikiendelea. Kwenye migomba ya Kilimanjaro, pimeni kwa mbege, pombe ya ndizi. Ukiuliza mbege ni nini utapewa neno moja. Ukikaa na anayeipika tangu ndizi zilizoiva zinapochemshwa, zinapokaa siku kadhaa zichachuke, zinapochujwa na maji ya magome ya msesewe, hadi uji wa kimea cha ulezi unapoingia, utasikia jina la kila chombo, jina la kila hali ya povu, vitenzi vya kukoroga ambavyo Kiswahili hakina, na maneno ya kumsuta mvivu aliyeacha chungu kikapoa. Mfongo, yaani mfereji wa maji ya kumwagilia, nao ni hivyohivyo: tembeeni na mzee kutoka banio, maji yanapochepushwa, hadi kihamba (shamba la nyumbani) cha mwisho, maiki ikiwa kolani, akiwa na mwenzake wa rika lake. Wazee wawili wanaobishana kuhusu zamu ya maji hutoa lugha hai kuliko mzee mmoja anayehojiwa na kijana mwenye daftari. Na wawepo akina bibi pamoja na akina babu, kwa sababu maneno ya uzazi, chakula na ugonjwa wa mtoto mchanga mara nyingi wanaume hawanayo.

Kabla kifaa hakijazimwa, anayerekodi aseme kwa sauti tarehe, kijiji, lugha, na mzee ajitaje alikozaliwa na lugha alizokulia nazo. Jina la faili libebe lugha, tarehe na namba, kwa mpangilio uleule kila siku, kwa mfano GWE_2026-07-14_02. Faili linaloitwa "Sauti mpya 003" baada ya miaka miwili halina mwenyewe.

Ridhaa nayo irekodiwe, kwa lugha ya mzee mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na sauti yenye jina la mtu ni taarifa binafsi. Fomu ya Kiingereza yenye alama ya dole gumba haitoshi. Mzee aulizwe nani asikie: kila mtu, wanakijiji tu, au ukoo peke yake. Kuna mafundisho ya jando na kuna matambiko yasiyopaswa kutoka nje ya waliopitia, na mzee akisema hapana faili hilo lifungwe kweli. Posho ijulikane mapema, iwe sawa kwa wote, ilipwe siku hiyohiyo. Ugomvi wa posho umeua kazi nyingi kuliko uchakavu wa vifaa.

Kisha inakuja kazi ambayo wafadhili na viongozi hawaioni: unukuzi. Saa moja ya mazungumzo huchukua takriban saa 40 kuandikwa na kutafsiriwa kwa Kiswahili, na zaidi ya hapo kama sarufi nayo inachambuliwa. Saa 100 za rekodi ni saa 4,000 za kazi. Wanukuzi wawili wanaofanya saa 40 kwa wiki wanamaliza kwa wiki 50. Bajeti ikilipia kurekodi bila kulipia unukuzi, halmashauri itakuwa imenunua sauti ambazo baada ya wazee kuondoka hakuna atakayeweza kuzifasiri. Tunashauri shilingi moja ya kurekodi iambatane na tatu za kunukuu.

Programu ya ELAN, inayotolewa bure na Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, huoanisha maandishi na sauti sekunde kwa sekunde. FLEx ya SIL, nayo bure, hupanga kamusi. Kijana wa kidato cha nne anayeelewa lugha ya bibi yake hujifunza ELAN kwa wiki mbili za mafunzo ya vitendo. Akikwama, njia ni kumrudia mzee: anasikilizishwa kipande kifupi, anakirudia polepole, kisha mtu wa tatu anakisema kwa Kiswahili, na yote mawili yanarekodiwa kwenye kifaa cha pili. Njia hii haihitaji mzee ajue kusoma, na inaokoa rekodi za zamani ambazo aliyezungumza ameshafariki lakini rika lake bado lipo. Miaka ya kufanya hivyo ni hii.

Kuhusu maandishi, msisubiri wataalamu wakubaliane. Vikao vya tahajia vimevunjika kwa sababu ya herufi moja huku wazee wakizikwa. Andikeni kwa herufi za Kiswahili, tatizo liwekewe alama, sauti ibaki karibu. Ila mjue herufi za Kiswahili zinaacha nini. Chukueni sentensi ya Kimaa, lugha ya Wamasai, ambayo Waarusha wengi wanaielewa: "Edol olmurrani olng'atuny." Kwa toni moja (kupanda na kushuka kwa sauti) ni morani anamwona simba, toni za majina mawili zikibadilishana, ni simba anamwona morani. Karatasi inaonyesha sentensi ileile. Kimaa kina irabu 9, Kiswahili 5. Kihadzabe kina vidoko, sauti za kugonga au kufyonza kwa ulimi, vya aina tatu, na waandishi wake huvionyesha kwa c, q na x. Kichaga nacho kina toni, na zaidi ya hapo si lugha moja: Mmachame na Mrombo wakishikilia kila mmoja cha kwao hawaelewani vizuri. Tunawasihi msianzishe "Kichaga sanifu". Kitamaliza nguvu zote, na Kikahe, chenye haja kubwa zaidi, kitakosa nafasi mezani.

Utunzaji ni rahisi kueleza na ndiyo unaosahaulika. Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae jengo jingine. Laptopu ya ofisa ikiibwa kwenye basi, kazi isife nayo. Diski iwashwe na kukaguliwa kila baada ya miezi mitatu, na baada ya miaka kama mitano inunuliwe nyingine hata kama bado inafanya kazi. Chumba kiwe kikavu, chenye meza, hedifoni mbili na mlango unaofunguliwa kwa mwananchi, ili mjukuu aje amsikilize babu yake. Maktaba ya mkoa inaweza kutoa kona hiyo kama wakuu wa mikoa wataagiza.

Sasa mambo ya nje. Kumbukumbu nyingi za lugha zetu ziko mbali. Rekodi za Kigorowa ziko kwenye ELAR, hifadhi ya kidijitali ya lugha zilizo hatarini, iliyoanzia London na kuhamia Berlin mwaka 2021. Za Kiakie, lugha ya wawindaji wa Kiteto na Kilindi, ziko Nijmegen. Sarufi ya Kichaga cha Old Moshi ya Johannes Raum ya mwaka 1909 na kamusi ya Kimachame ya Emil Müller ya mwaka 1947 zimeandikwa kwa Kijerumani, na mwalimu wa Machame hawezi kuzisoma. Watunzaji hao wametusaidia, tunawashukuru kwa dhati. Lakini kurasa zao ni za Kiingereza, na bibi wa Ugweno hatazifikia.

Hapa mna mamlaka ambayo hayahitaji fedha. Kila mtafiti mwenye kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) hupita ofisi ya Katibu Tawala kuchukua barua ya utambulisho. Ongezeni sharti moja kwenye barua hiyo: ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza, diski yenye nakala ya rekodi na maelezo yake kwa Kiswahili ikabidhiwe halmashauri husika, isipokuwa zile ambazo wazee wamezifunga. Kwa zilizoko tayari nje, andikeni barua rasmi. Ombi la halmashauri lina uzito kuliko la mtu binafsi.

Na watoto. Kamusi haimfundishi mtoto kuongea. Wimbo mmoja wa kilugha siku ya mahafali haumfundishi pia, wala kipindi cha dakika 40 kwa wiki. New Zealand walianza mwaka 1982 vituo vya watoto wadogo ambako mabibi waliongea Kimaori peke yake, siku nzima, kila siku. Vituo vyetu vya kulelea watoto mchana vipo tayari. Kinachohitajika ni mabibi wawili wa Kigweno kwa kila kituo, walipwe kama walezi, na waruhusiwe kutozungumza Kiswahili asubuhi yote. Mtoto wa miaka mitatu hapotezi Kiswahili, atakikuta mlangoni.

Kwa vijana, njia ya California iliyoanza miaka ya 1990 inafaa sana hapa: mzee mmoja na kijana mmoja, saa 10 hadi 20 kwa wiki kwa miaka mitatu, wakifanya kazi za kawaida, kufua, kulima, kupika, bila kutumia lugha kubwa. Kijana huanza na sentensi tano: hii ni nini, sema tena, sema polepole, mimi nafanya nini sasa, wewe unafanya nini. Zikikwama, atumie mikono. Linaloharibu mpango huu ni pale wote wawili wanaporudi kwenye Kiswahili kwa huruma, mzee akiona kijana anahangaika. Ofisa apite kila wiki mbili, asikilize nusu saa. Afrika Kusini, Kin|uu kilifikia kubaki na msemaji hodari mmoja, Bibi Katrina Esau wa Upington, aliyefundisha watoto nyumbani kwake akiwa ameshazeeka. Ugweno bado ina wazee wa kutosha kugawana mzigo huo, kila mmoja na mjukuu wake.

Kwa redio za jamii, tunaomba TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) itamke kwa maandishi, kwa lugha nyepesi, masharti ya kurusha kipindi cha nusu saa kwa lugha ya jamii pamoja na ufafanuzi wa Kiswahili. Wenye vituo wanaogopa kukosea.

Vikao vya kuandaa bajeti za halmashauri vinakaribia. Tunaomba Mwanga, Moshi Vijijini, Rombo, Karatu na Ngorongoro ziingize kila moja kifungu kimoja: ofisa mmoja, wanukuzi wawili wa mkataba, begi moja la vifaa, diski tatu, na posho za wazee ishirini kwa saa 100 za rekodi katika mwaka wa kwanza. Mchanganuo wa gharama tutauandaa bila malipo kwa halmashauri itakayouhitaji, na mafunzo ya wiki mbili tutayatoa hukohuko wilayani. Orodha ya wazee wa kuanza nao iandaliwe na watendaji wa vijiji kabla ya Juni, na walio juu ya miaka 80 watangulie.

Wenu katika kazi,

Wanukuzi na watunga kamusi wa lugha za jamii, Moshi na Arusha